Mtu kaponda bidhaa kwenye jukwaa lako na kampuni inatishia kukushtaki: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Unaendesha sehemu ambayo watu wanaposti rivyu za bidhaa, iwe simu, vipodozi, chaja, kozi za mtandaoni, chochote tu, alafu siku moja inaingia imeli ya wakili inasema kuna rivyu imechafua jina la mteja wake na una masaa 24 uifute la sivyo mtakutana mahakamani. Hapo wengi wanafanya moja kati ya mawili, ama wanafuta fasta huku wanatetemeka, ama wanaipotezea kabisa kwa hoja kwamba "si mimi niliyeandika". Yote mawili yanaweza kukuponza.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbali: sehemu nyingi duniani rivyu mbaya ya yuza peke yake haikufanyi wewe mwenye jukwaa uwajibike. Kinachokuingiza kwenye matatizo ni ulichofanya (au ulichoacha kufanya) baada ya kujua, pamoja na mkono wako mwenyewe ndani ya yale maandishi. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo. Na nisemee mapema, sheria zinatofautiana nchi na nchi, ikifika mahakamani tafuta wakili wa huko unakoshtakiwa, usije na hii posti ukaisoma mbele ya jaji.

Hatua ya 1: Usiguse kitu, hifadhi kwanza

Kabla ya kujibu na kabla ya kufuta, piga skrinishoti ya rivyu nzima ikiwa na linki, jina la akaunti, tarehe na saa, na majibu yote yaliyo chini yake, maana mara nyingi rivyu yenyewe ni ya kawaida tu ila kwenye majibu ndo kuna mtu kaandika balaa. Hifadhi na imeli ya malalamiko jinsi ilivyo, usii-fowadi tu, idaunlodi ikiwa na vichwa vyake vyote (zile taarifa za juu za nani katuma, lini na kupitia wapi) ili saa iliyoingia ionekane. Hiyo saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, utaona mbele.

Alafu nenda kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo za nani kafanya nini na lini. Mifumo mingi inafuta logi yenyewe kila baada ya muda fulani, sasa kama kesi inanukia na wewe umeacha mfumo uendelee kufuta anwani za IP na historia ya posti, upande wa pili anaweza kusema umeharibu ushahidi makusudi, na mahakama nyingi hazina huruma na hilo. Simamisha kufuta kwa akaunti hiyo tu, sio kwa jukwaa zima, kwa sababu sheria za faragha nazo hazitaki ukae na data za watu wasiohusika bila sababu.

Ukishafanya hivyo mjibu mlalamikaji mistari miwili: tumepokea, tunaifanyia kazi, tutakujibu tarehe fulani. Usikiri chochote, usiombe radhi kwa niaba ya yuza, usianze kubishana.

Hatua ya 2: Jiulize, haya maneno ni ya nani kweli?

Hapa kuwa mkweli maana kinga karibu zote duniani zinamlinda anayehifadhi maneno ya wengine, hazimlindi mwandishi. Kwa hiyo angalia: je, modereta wako alihariri ile rivyu ikabadilika maana? Kichwa cha habari alikiandika yuza au ni wewe ulikiweka ili watu wabofye? Hiyo akaunti ni ya mteja wa kweli au ni ya mfanyakazi wako aliyeambiwa achangamshe jukwaa? Je, uliichukua ukaiposti kwenye kurasa zako za mitandao ukaongeza "tahadhari, matapeli hawa"? Kila jibu la ndiyo linakutoa kwenye kiti cha mwenye ukumbi linakusogeza kwenye kiti cha msemaji.

Kuna kesi ya Marekani ya 2008 iliyohusu tovuti ya Roommates.com, ya watu wanaotafuta wa kuchangia nao nyumba. Mahakama ya rufaa ilisema kwamba pale tovuti yenyewe ilipolazimisha watu wajibu maswali ambayo kisheria hayatakiwi, ilikuwa imeshiriki kutengeneza yale maudhui, kwa hiyo kinga ikaondoka kwa sehemu hiyo. Lakini ile sehemu ya kuandika chochote kwa hiari kinga ilibaki. Tafsiri yake kwako: fomu yako ikiuliza "elezea uzoefu wako na bidhaa hii" uko salama, ikiuliza "hawa jamaa walikutapeli vipi?" umeshaanza kumwandikia mtu rivyu.

Nyota je? Watu wanauliza sana kama wastani wa nyota unaoonekana juu ni maneno ya jukwaa. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ya rufaa kwenye kesi dhidi ya Yelp, tovuti ya rivyu za biashara, ilikataa, ikasema kujumlisha nyota za watumiaji ni chombo tu kisichoegemea upande. Mimi nisingejiamini sana nje ya Marekani, hasa kama una programu ya akili bandia inayoandika muhtasari wa rivyu kwa sauti ya jukwaa, kwa sababu hayo maneno hakuna yuza aliyeyaandika.

Hatua ya 3: Jua sheria ya wapi ndiyo itakuuma

Kosa linalorudiwa na watu ni kudhani sheria ni ile ya pale seva ilipo. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Australia, kesi ya Dow Jones dhidi ya Gutnick, ilisema kashfa ya mtandaoni inatokea pale mtu anapoifungua na kuisoma, ndiyo maana kampuni ya Marekani ikashtakiwa Australia wakati seva ziko New Jersey. Kwa hiyo jiulize mlalamikaji yuko wapi, jina lake linajulikana wapi, na wewe una ofisi, akaunti ya benki au mali wapi. Hukumu ya nchi ambayo huna hata kijiko huko ni tofauti na hukumu ya unakoishi. Marekani hata ina sheria ya 2010 inayozuia mahakama zake kutekeleza hukumu za kashfa za nje ambazo hazifikii ulinzi wao wa uhuru wa kusema.

Sasa tuzunguke kidogo, hapa ndo penye utamu.

Marekani. Mwaka 1991 kampuni ya huduma za mtandaoni ya CompuServe ilishtakiwa kwa maandishi ya watu wengine ikashinda kwa sababu haikuwa inapitia maandishi kabla hayajatoka. Miaka minne baadaye, 1995, Prodigy, kampuni nyingine ya namna hiyo, walishtakiwa na kampuni ya kuuza hisa ya Stratton Oakmont baada ya mtu asiyejulikana kuandika kwenye ubao wao kwamba kampuni hiyo ni ya kitapeli, na mahakama ya New York ikasema Prodigy ni mchapishaji, kisa eti wanasimamia ubao na kufuta matusi. Yani anayesafisha anaadhibiwa, asiyejali anapona! (Na viongozi wa hiyo Stratton Oakmont walikuja kukiri makosa ya utapeli 1999, kwa hiyo yule jamaa asiyejulikana hakuwa mbali sana na ukweli.) Bunge likaona hii haina maana, likapitisha Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano mwaka 1996: mwenye jukwaa hachukuliwi kama mchapishaji wa maneno ya mtu mwingine, na akifuta vitu kwa nia njema haipotezi hiyo kinga. Mwaka 1997 kesi ya Zeran dhidi ya kampuni ya intaneti ya AOL ikaongeza kwamba hata ukishapewa taarifa kinga inabaki. Haigusi lakini makosa ya jinai ya serikali kuu wala hakimiliki, na mwaka 2024 mahakama moja ya rufaa kwenye kesi ya TikTok ilisema mapendekezo ya algorithimu yanaweza kuhesabika kuwa kauli ya jukwaa lenyewe, kwa hiyo usilale fofofo.

Umoja wa Ulaya. Huko kinga ipo ila ina masharti. Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024, inasema huwajibiki kwa ulichohifadhi ilimradi hujui kwamba ni kinyume cha sheria, na ukijua unachukua hatua haraka. Hulazimishwi kupekua kila kinachoandikwa. Ila lazima uwe na njia rahisi ya watu kukuletea taarifa, na ukiondoa posti ya mtu lazima umweleze sababu, na hayo mawili yanakuhusu hata kama jukwaa lako ni dogo la watu watatu. Wadogo wanasamehewa mengine kama mfumo rasmi wa rufaa za ndani, hayo hawasamehewi.

Alafu kuna kesi mbili za Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ambazo watu wanazichanganya. Delfi dhidi ya Estonia, 2015: tovuti kubwa ya habari iliacha maoni ya chuki na vitisho yakae kama wiki sita, ikaamriwa ndani ya nchi kulipa euro 320, na Mahakama ikasema hapo uhuru wa kusema haukuvunjwa. Kila mtu akaogopa. Mwaka uliofuata, 2016, ikaja kesi dhidi ya Hungaria iliyofunguliwa na umoja wa watoa huduma za intaneti na tovuti ya Index, safari hii watu walikuwa wanaponda kampuni ya matangazo ya nyumba kwa lugha chafu kwelikweli, na Mahakama ikasema kuwabebesha wenye tovuti mzigo huo ni kuvunja uhuru wa kusema. Tofauti ni nini? Maoni ya Hungaria hayakuwa ya chuki wala vitisho, yalikuwa hasira za watu juu ya mwenendo wa biashara, na Mahakama ikakumbusha kwamba jina la kampuni halina ule utu ambao jina la binadamu linao. Kama una rivyu za bidhaa, hii ya pili ndo ya kwako, mwambie wakili wako aisome.

Uingereza. Sheria ya Kashfa ya 2013 imeweka vitu vitatu vya kukusaidia: kampuni ya biashara lazima ionyeshe kwamba imepata au itapata hasara kubwa ya fedha, sio kuumia roho, mahakama haimsikilizi mtu dhidi ya asiye mwandishi kama mwandishi mwenyewe anaweza kushtakiwa, na kifungu cha 5 kinampa mwenye tovuti utetezi akifuata ratiba maalum, nitaieleza hatua ya 6. Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu, muulize mtoa huduma za intaneti Demon Internet, aliyeandikiwa faksi mwaka 1997 kwamba kuna ujumbe wa uongo kwenye seva zake, akauacha kama siku kumi hivi mpaka ukajifuta wenyewe, na mwaka 1999 mahakama ikasema kwa siku zile hana utetezi. Siku kumi tu.

India, kesi ya Shreya Singhal ya 2015 ilisema mwenye jukwaa "anajua" pale anapopata amri ya mahakama au ya mamlaka ya serikali, sio kila mtu akituma imeli. Australia ni kali zaidi: 2021 Mahakama Kuu ilisema vyombo vya habari ni wachapishaji wa maoni ya watu chini ya posti zao za Facebook. Ujerumani nayo ina lake, linakuja.

Kama nchi yako haina sheria inayozungumzia majukwaa kabisa, basi chukulia kwamba ukishajua na ukakaa kimya unahesabika umekubali, fanya mambo kwa kiwango cha Ulaya.

Hatua ya 4: Isome rivyu sentensi kwa sentensi

Usiulize "rivyu hii ni mbaya?", mbaya sio kosa. Chukua mfano huu:

"Nimenunua hii chaja, mbovu kuliko zote nilizowahi kutumia. Ndani ya wiki mbili ikaanza kunuka plastiki ikaungua. Wenye kampuni wanajua ina hitilafu na wanaendelea kuuza, wameshahonga mpaka wakaguzi. Msinunue."

Sentensi ya kwanza ni maoni, hakuna kipimo cha dunia nzima cha "mbovu kuliko zote", iache. Ya pili ni madai ya jambo lililotokea: chaja iliungua au haikuungua. Linathibitika, na mara nyingi yuza ana picha na risiti, kwa hiyo iache lakini muombe uthibitisho. Ya tatu ndo penye moto, kwa sababu inasema watu wamefanya udanganyifu wakijua na wametoa rushwa, ambalo ni kosa la jinai, na mteja aliyeunguliwa na chaja nyumbani kwake hana namna ya kujua nani kamhonga nani. "Msinunue" ni ushauri wa mtu, haina shida.

Unaona, kati ya sentensi nne ni moja tu yenye ishu, na barua ya wakili itakuwa imetaka zote zifutwe.

Usidanganyike na neno "kwa maoni yangu". Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1990, kesi ya Milkovich, ilisema kuweka hayo maneno mbele ya tuhuma hakuigeuzi kuwa maoni. "Kwa maoni yangu huyu kaiba" bado inasema kaiba. Kinachosaidia ni mwandishi kueleza alichokiona, alafu hitimisho lake, ili msomaji apime mwenyewe. Angeandika "nimewaandikia mara tatu kuhusu hii chaja hawajajibu na bado wanaiuza, mi naona hawajali" angekuwa sehemu salama kabisa na angewaumiza vilevile.

Hatua ya 5: Isome na barua ya malalamiko hivyohivyo

Barua nyingi za vitisho ni tupu. Malalamiko yanayofaa yana: nani analalamika na anahusianaje na bidhaa, linki kamili, maneno halisi yanayolalamikiwa, ni kipi ndani yake ni uongo, na ukweli ni upi. "Rivyu hii inaharibu biashara yetu, ondoa mara moja" haina hata kimoja. Unajibu kwa upole unaomba hivyo vitu, na hilo ombi lako linakuwa ushahidi kwamba hukukaa kimya. Usitumie hii kama ujanja wa kuvuta muda lakini, kama uongo unaonekana kwa macho huna haja ya kusubiri fomu ijazwe.

Kuwa macho na milango ya nyuma. Moja ni kampuni kudai hakimiliki: eti picha ya bidhaa kwenye rivyu ni yao, basi rivyu nzima iondoke. Kama hoja ni picha, ondoa picha, maneno yabaki. Nyingine ni amri za mahakama za kughushi, imeshatokea watu wakabandika muhuri wa uongo kwenye karatasi wakatuma kwa majukwaa, kwa hiyo chukua namba ya kesi, tafuta mwenyewe mawasiliano ya mahakama (sio yale yaliyoandikwa kwenye hiyo karatasi) uulize. Ya tatu ni mkataba: kampuni inasema mteja alisaini asiandike vibaya. Marekani sheria ya 2016 imebatilisha vipengele vya namna hiyo kwenye mikataba ya kawaida ya wateja ambayo mtu hawezi kujadili, na hata pale ambapo mkataba unashika, aliyesaini ni yeye, sio wewe.

Hatua ya 6: Mtafute aliyeposti

Hapa Waingereza wamepanga vizuri kuliko wengine, na naiga ratiba yao hata kwa jukwaa ambalo haliko Uingereza. Inaenda hivi: ndani ya masaa 48 tangu upate malalamiko kamili (siku zisizo za kazi hazihesabiwi) unamwandikia aliyeposti, unamwambia kuna malalamiko, unamtumia nakala, ukificha jina la mlalamikaji kama ameomba lifichwe. Yeye ana siku tano kujibu. Asipojibu, unaondoa ndani ya masaa 48. Akisema sawa ondoa, unaondoa. Akisema siondoi, lazima akupe jina lake kamili na anwani ya posta na aseme kama anakubali mlalamikaji apewe, na hapo unaiacha rivyu, unamjulisha mlalamikaji, wao wawili wanamalizana. Unaona uzuri wake, wewe hukuamua nani mkweli hata mara moja.

Ujumbe wenyewe usiwe wa kutisha. Kitu kama: "Habari, tumepata malalamiko kuhusu rivyu yako ya chaja, hasa sentensi inayosema kampuni imehonga wakaguzi. Hatujaamua chochote. Kama una kitu kinachoonyesha hilo tutumie kabla ya siku hii. Kama ungependa kuiandika upya ukieleza yaliyokupata wewe mwenyewe unaweza kuhariri. Usipojibu itabidi tuondoe hiyo sentensi." Wengi wakipata ujumbe wa hivi wanahariri wenyewe, ishu inaisha siku hiyohiyo.

Sasa lile la Ujerumani. Mahakama yao ya juu mwaka 2016, kesi ya tovuti ya kutathmini madaktari, ilisema kama mlalamikaji anadai aliyeandika hajawahi kuwa mteja wake, jukwaa lazima limwombe aliyeandika aeleze kwa undani na atoe kitu cha kuonyesha alihudumiwa, na kimpelekee mlalamikaji kwa kiasi kinachowezekana bila kumfichua. Mwaka 2022 ikarudia kwenye rivyu za hoteli kwamba mlalamikaji kusema tu "huyu hakuwa mgeni wetu" inatosha kuanzisha huo uchunguzi. Makampuni yameshajua, wanatuma hiyo sentensi kwa kila rivyu ya nyota moja. Inachosha ila ukiwa na wasomaji huko huna ujanja, weka templeti.

Hatua ya 7: Amua, na usiuze huo uamuzi

Machaguo yako sio mawili, ni zaidi: kuacha ilivyo, kuacha na kuweka jibu la kampuni chini yake, kuificha kwa muda wakati unasubiri majibu, kuondoa sentensi moja, kuondoa yote. Jibu la kampuni ndo dawa inayosahaulika, malalamiko mengi yanatulia mwenye bidhaa akipewa nafasi ya kusema upande wake palepale.

Ukiondoa sentensi, iondoe wazi, weka alama kwamba "sehemu imeondolewa na wasimamizi", usipake rangi maneno yaliyobaki yasomeke tofauti. Ukikata neno "sio" kwenye "sio matapeli" umeandika tuhuma mpya na sasa ni yako.

Kisha andika kwenye kumbukumbu zako: lini malalamiko yaliingia, lini ulimwandikia nani, uliamua nini na kwa nini, mistari mitano inatosha. Siku ukiulizwa mahakamani hicho ndo kitakachoonyesha ulishughulika.

Na tafadhali, usichukue hela kuondoa rivyu. Hata ikiitwa ada ya usimamizi au kifurushi cha kampuni. Mara ukishalipwa ile hoja yako ya "mimi nahifadhi tu" inakufa, na jukwaa linaanza kunuka ulaghai. Kuficha rivyu mbaya kwa makusudi nako kuna gharama zake: Januari 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na duka la nguo la Fashion Nova lilipe dola milioni 4.2 kwa tuhuma kwamba lilikuwa linazuia rivyu za chini ya nyota nne zisionekane kwenye tovuti yake. Tangu Oktoba 2024 wana na kanuni maalum ya rivyu feki inayogusa pia kutisha watu kwa madai ya kisheria yasiyo na msingi ili wafute rivyu. Ulaya nako, tangu Mei 28, 2022, mfanyabiashara anayeonyesha rivyu anatakiwa aseme kama anahakikisha zimetoka kwa wateja wa kweli, na anahakikishaje. Kwa hiyo unayefuta kila kitu ili ulale kwa amani, ujue kuna mlango mwingine wa kesi unaufungua.

Hatua ya 8: Wakitaka jina la yuza

"Basi kama hutafuti tupe jina lake." Jibu ni hapana, leta amri ya mahakama. Kutoa jina, imeli au anwani ya IP kwa sababu wakili ameandika kwa ukali inaweza kukufanya ushtakiwe na yuza wako kwa kuvunja faragha, alafu ukakuta kampuni ilikuwa inataka tu kumtisha.

Mahakama zina utaratibu wake. Uingereza kuna amri inayoitwa Norwich Pharmacal, imetokana na kesi ya miaka ya 1970, ya kumlazimisha mtu wa tatu afichue mkosaji. Marekani kuna kesi ya Dendrite ya New Jersey, 2001, ambayo majimbo mengi yameifuata kwa namna moja au nyingine: aliyeandika ajulishwe kwanza apate nafasi ya kupinga, maneno yanayolalamikiwa yatajwe moja moja, mlalamikaji aonyeshe kwamba ana kesi kweli, kisha jaji apime. Wewe kazi yako ni kumjulisha yuza haraka amri ikiombwa (isipokuwa mahakama imekukataza), na amri ikitoka kutoa kilichotajwa tu, sio faili zima.

Data usizokusanya hazitakiwi na mtu. Kama huhitaji namba ya simu ya mtu anayerivyu blenda, usiiombe.

Hatua ya 9: Vitu vya kuweka sawa kabla barua haijaja

Vigezo na masharti, ndiyo yale ambayo hakuna anayesoma, yaseme wazi kwamba rivyu ni za walioandika, tuhuma za jinai zisizo na ushahidi haziruhusiwi, aliyehusika na bidhaa au mshindani wake ajitaje, na una haki ya kuondoa. Ukurasa mmoja wa malalamiko wenye fomu inayodai vile vitu vya hatua ya 5. Imeli moja inayosomwa na watu wawili, sio ile ya mtu aliyeacha kazi. Modereta wafundishwe kutohariri maneno ya watu na kutobishana na makampuni kwenye majibu, maana modereta mwenye beji akiandika "hawa tunawajua, wezi" hiyo ni kauli ya jukwaa.

Hatua ya 10: Ikija samansi

Hapa ndo watu wanapolia. Barua ya wakili unaweza kuijibu polepole, hati ya mahakama ina siku zake na zikipita upande wa pili anaomba hukumu ya upande mmoja. Angalia duka la mtandaoni la KlearGear: lilimdai mteja dola 3,500 kwa sababu mkewe aliponda huduma zake mtandaoni, wale wanandoa wakaenda mahakamani Marekani, duka halikujitetea, na 2014 likaamriwa kulipa dola 306,750. Huko aliyekaa kimya alikuwa kampuni, ila utaratibu haubagui.

Kwa hiyo siku ya kupokea: andika tarehe na namna ulivyoipokea, tafuta wakili wa nchi iliyotajwa kwenye hati, mkabidhi skrinishoti, logi na kumbukumbu, kama una bima ya biashara wajulishe siku hiyohiyo kwa sababu nyingi zinakataa kulipa ukichelewa kusema. Muulize wakili maswali mawili moja kwa moja. La kwanza, je, hii mahakama ina mamlaka juu yangu, na je nikijitokeza kujibu nitakuwa nimeikubali? Sehemu nyingine ukishaingia kwenye hoja zenyewe huwezi kurudi kusema mahakama haikuhusu. La pili, je, kuna sheria huko dhidi ya kesi za kuziba watu midomo? California wanayo tangu 1992, inakuruhusu kuomba kesi itupwe mapema na mlalamikaji akulipe gharama za wakili, ila ombi kwa kawaida linatakiwa ndani ya siku 60 tangu ukabidhiwe hati ya madai, na Umoja wa Ulaya ulipitisha yao 2024 kwa kesi zenye sura ya kimataifa. Kama ipo, iombwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hizo siku zinahesabika kuanzia ulipopokea hati, sio ulipopata wakili.